Nshakula

Miye nina ndugu wawili wa tumbo moja, wote wawili wapishi, na hapo ndipo ilipoanzia balaa yangu.

Mkubwa ni Mabrouk. Huyu ni mpishi wa shughuli. Pakiwa na harusi au hitima popote Ng'ambo hii yetu ya Unguja utamkuta uani, kikoi kimekazwa kiunoni, anagombana na kuni. Hapimi kitu. Anamimina mchele, anautazama, anasema bismillahi, anaongeza. Ukimuuliza anapikia watu wangapi, atakwambia "watakaokuja". Ukimuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi, atakwambia "kikiiva". Halafu atakaa juu ya kigoda, aagize kahawa, akusimulie biriani aliyopika kabla hujazaliwa. Shughuli ni watu, ndivyo anavyopenda kusema, na kwake yeye ni kweli tupu, kwani kuni hapasui yeye, vitunguu hamenyi yeye, na ile ndoo ya biriani inayokwenda kwake shughuli ikimalizika haibebi yeye.

Mdogo ni Junaid, mpishi mkuu wa hoteli moja kule Kendwa. Huyu anapima mpaka chumvi. Ana kofia nyeupe ndefu, akija nayo kwangu inabidi ainame mlangoni, lakini kuivua haivui. Kwake kila kitu ni poshen, yaani kipimo cha mtu mmoja mmoja. Mkewe aliniambia siku moja kamwandalia wali kwa samaki, bwana akaitazama sahani akauliza mbona haina mpangilio. Yule mwanamke akamjibu mpangilio wa nyumba ile ni kula au kulala na njaa.

Basi nilikuwa nikiishi nao hivyo hivyo, mmoja kulia mmoja kushoto, mpaka mwanangu Ummukulthum alipoposwa.

Waliomposa ni watu wa Shangani, Mji Mkongwe. Watu wazuri, siwasemi. Lakini watu wa mji wana adabu nyingi, na adabu yao yote huwa imekukazia macho. Baba wa kijana, Bwana Masoud, alipokuja kuleta posa alikunywa chai yangu huku akikitazama kikombe chini kimeandikwa nini. Na mimi ni mjane, baba yake Ummukulthum kishatangulia mbele ya haki, nyumba yangu ya Mwembetanga ina vyumba viwili na ua. Nilitaka jambo moja tu. Wakwe waje, wale, washibe, waone nyumba ina watu wake, waondoke bila ya neno. Maana mkwe akipata neno siku ya harusi analiweka, na atamsimanga nalo mwanangu mpaka ameota mvi.

Nikawaita ndugu zangu ukumbini.

"Nitapika miye," akasema Mabrouk kabla hajakaa.

"Kaka, kwa heshima zote," akasema Junaid, "wale ni watu wa mji. Hawezi mtu kuwatilia wali kwenye sinia wakachimba watano watano. Siku hizi kila mgeni na sahani yake. Nyama pembeni, kachumbari juu, jani la nanaa."

"Jani la nanaa la nini? Wanaumwa tumbo?"

"La kupendeza."

"Chakula kinapendeza kwa watu wakikila. Wewe huko kwenu unawapikia wazungu wamelala chali mchangani, hawajui kama ile ni biriani au uji wa mgonjwa."

"Na wewe harusi ya mwezi uliopita umepika wali umebaki nusu sufuria. Ule ni uharibifu, kaka. Ni dhambi hiyo."

"Ule ni baraka. Chakula kikibaki maana yake mwenye nyumba hajaaibika."

Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Nikaona nikimchagua mmoja nitampoteza mwenziwe, basi nikajifanya hakimu. Nikasema Mabrouk apike, kwa sufuria zake na kuni zake, na chakula kiliwe kwa sinia. Junaid aalike wageni, awapokee na awahudumie. Kila mtu na kazi yake, na asiingilie ya mwenziwe. Nikarudia hilo la mwisho, asiingilie. Nilijiona nina akili sana siku ile.

Sasa, kwetu kualika kuna njia yake. Unamtuma mtu mwenye haya usoni, anazunguka mtaa, anapiga hodi mlango kwa mlango, anaamkia wakubwa, anakaa kidogo, halafu ndipo anasema Bi Nassra anakuombeni siku fulani. Haulizi kama mtakuja, maana kuulizwa kama utakuja ni kama kuambiwa mlango uko wazi nusu. Junaid akasema mambo hayo yanapoteza muda. Akachukua simu akaandika kwenye kundi la wasap la mtaa. Ujumbe wenyewe nnaukumbuka, maana ulinichoma:

"Assalamu alaikum. Ili kuboresha huduma siku ya harusi ya Ummukulthum, unaombwa kuthibitisha kuhudhuria kwako kabla ya Jumatano. Poshen ni kwa waliothibitisha tu. Wabillahi tawfiq."

Mimi simu yangu ni ya kupigia tu. Habari nilizipata kwa Bashira, muuza urojo aliye na benchi lake hapo kwenye kona. Nilikuwa nnapita zangu akaniita.

"Bi Nassra, ati harusi yako ina poshen?"

"Ina nini?"

Akanisomea. Nikahisi damu imenipanda mpaka kwenye masikio. Nikamtafuta Junaid, nikamkuta ana furaha.

"Dada, watu wanajibu vizuri," akasema, akanionesha. Mtaa mzima ulikuwa umejibu neno moja, inshallah. Juu mpaka chini, inshallah, inshallah.

"Sasa hao wanakuja au hawaji?"

"Hawaji," akasema. "Kule hotelini mfanyakazi akikwambia kesho nitakuwepo inshallah, tafuta mwengine."

Mabrouk alikuwa uani anapasulisha kuni, akacheka kwa nguvu ili asikiwe. "Wanakuja wote. Mtu akisema inshallah keshavaa kanzu. Miye nnapikia mtaa." Na kweli alipika mtaa, masufuria manne makubwa, na hapo kwenye kupika sina la kumlaumu.

Nilitaka kuyarekebisha. Nikaenda kwa mke wa Mzee Ubwa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, nikamwambia yale maneno ya simu si yangu, ni ya Junaid na hoteli yake. Akanipa mto nikalie, akanichekea. "Hapana neno, Bi Nassra. Sisi tumefahamu." Mwanamke wa Ng'ambo akikwambia hapana neno, ujue lipo, tena kubwa, keshaligawa kwa majirani. Nikarudi nyumbani moyo mzito.

Siku ikafika. Nikaha ilifungwa msikitini baada ya adhuhuri, kisha wanaume wakaja kwangu. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, lakini nimesimama dirishani nyuma ya pazia, nnauona uwanja wote chini ya turubai. Nikaona wanaingia. Mzee Ubwa mbele na bakora yake, nyuma yake mtaa mzima, kanzu nyeupe na kofia za viua. Wamekuja wote. Nikasema alhamdulillahi, Mabrouk alisema kweli, mambo yameisha. Na wakwe wakaingia, Bwana Masoud na nduguze, wakawekwa kwenye mkeka mzuri katikati.

Junaid akatoka na birika na beseni la kunawisha, kofia yake imesimama. Akaanza kwa Mzee Ubwa, kama inavyotakiwa.

"Karibu chakula, mzee."

Mzee Ubwa akaweka mkono kifuani. "Ahsante, mwanangu. Nshakula."

Na hapa inabidi niseme jambo, japo kila aliyelelewa analijua. Nshakula si habari ya tumbo. Nshakula ya kwanza ni salamu. Ya pili ni haya. Hapo mwenye nyumba anamshika mgeni mkono, anamwambia wallahi hutoki hapa, anamvuta, na mgeni anakwenda huku akilalamika, anakula sahani mbili. Mtu aliyekubali kula kwa kuambiwa mara moja, huyo hata mama yake anamwonea haya. Junaid haya yote aliyanyonya kwenye ziwa la mama kama sisi. Lakini miaka ya Kendwa imemfundisha kwamba mgeni hasumbuliwi.

"Sawa, mzee," akasema. "Karibu tena."

Akaenda kwa wa pili. "Nshakula." Sawa, karibu tena. Wa tatu, nshakula. Akapita safu nzima na beseni lake, na kila mmoja anaweka mkono kifuani kwa upole kabisa, na yeye anatabasamu tabasamu la hoteli na kusogea. Kila nikilisikia neno lile naona kama wanaligonga juu ya utosi wangu. Hapana aliyenuna, hapana aliyesema neno baya. Walikuwa wamekuja, wamenistahi, wamekaa. Ila chakula cha poshen hawakithibitishi, ndivyo walivyokuwa wakisema, kwa adabu zile zile.

Masinia yalikuwa yameshawekwa, yanafuka moshi. Hapana mkono uliokwenda.

Bwana Masoud akatazama kulia, akatazama kushoto. Ukimwona mkwe anatazama namna ile unajua anachojiuliza. Majirani wa nyumba hii hawali chakula cha nyumba hii, wanajua nini wao? Vidole vyake vilivyokuwa vinakunja mkono wa kanzu ili anawe vikasita, vikaurudisha mkono wa kanzu mahali pake.

"Na sisi tushakula," akasema.

Nimeogopa chakula kisipungue, nikakesha kwa hofu hiyo, kumbe aibu ilikuja na njia nyengine. Nikamfikiria mwanangu ndani ya chumba, mikono imejaa hina, hajui kwamba tayari anatafutiwa simango la maisha. Nilitamani kulia, na nikajua nikilia wanawake waliomo humu ndani watalibeba na hilo.

Nikachungulia uani. Mabrouk alikuwa amesimama karibu na masufuria yake, mikono kaikunja, anacheka peke yake. Yeye ni mtu wa kushika mtu mkono, yeye angeweza kumvuta Mzee Ubwa kwa wallahi moja tu.

Nikamfuata mbiombio. "Kaka Mabrouk, nenda kawakaribishe watu."

"Mimi mpishi. Wageni ni wa Junaid. Si ulisema mwenyewe tusiingiliane?"

"Mwanao anaaibika pale."

"Waache waone mambo ya hoteli." Akachota biriani kwa mwiko akaionja, kwa raha zake.

Junaid naye akaingia uani, beseni lake kavu. "Dada, nilikwambia. Waliosema inshallah hawakuwa na nia. Angalia, wote wameshiba. Sasa chakula chote hiki ni hasara, kaka kapika bila hesabu."

Hapo nikapandisha hasira. Sijapata kuwapigia kelele ndugu zangu mbele ya watu, na hata siku ile sikupiga kelele, maana dirisha lilikuwa wazi. Nikasema chini chini, nimeuma meno. "Nikusikilizeni nyie wawili. Kila mmoja wenu anaona bora mwanangu afedheheke kuliko mwenziwe asifiwe. Haya. Chukueni sinia moja, mkakae katikati ya mkeka, mle. Pamoja. Nyinyi wawili."

"Kwa sinia?" akauliza Junaid. "Basi nipatie kijiko."

"Ukitaja kijiko tena leo nitakutolea jicho nacho."

"Mimi na huyu?" akasema Mabrouk.

"Wewe na huyo. Na hiyo kofia ibaki hapa."

Nikaivua mwenyewe. Kichwa kilikuwa na upara ambao hata mimi dada yake sikuujua.

Wakatoka. Wakaweka sinia la watu watano, wakakaa watu wawili, wamenuna, wanatazamana. Mabrouk akasema bismillahi, akala mbele yake, taratibu, anajionesha. Junaid akaingiza mkono, na kumbe kula kwa mkono kumeshamtoka, wali unamdondoka kwenye vidole. Kisha, Mungu amsamehe, akapeleka mkono upande wa kaka yake. Nyuma ya pazia wanawake wakaguna. Kisha akanyoosha mkono katikati, akalishika pande kubwa la nyama, akaanza kulivuta kwake.

Mzee Ubwa aliguna kwa nguvu. Alivumilia akashindwa.

"Junaid," akasema. "Nyama haimegi mdogo."

"Samahani, mzee. Imeshikana."

"Imeshikana kwa sababu hujui kuishika. Marehemu baba yako angekuona hivi angerudi alikotoka." Na huku anasema keshasogea, keshaweka bakora chini, keshakunja mkono wa kanzu. "Lete maji hapa. Nitazame mimi." Akanawa, akalishika lile pande, akalimega vipande, akamsogezea Mabrouk, akamsogezea Junaid, na mkono uliokwishaingia kwenye sinia hautoki mtupu, nao ukaenda kinywani.

Akatafuna. Akamtazama Mabrouk. "Hii biriani," akasema, na hakumalizia.

Sasa pale pana wakubwa wawili na mdogo mmoja kwenye sinia la watano, na mtu mwenye heshima zake hawezi kumwacha Mzee Ubwa ale na sinia pungufu. Jirani mmoja akasogea kumstahi. Mwengine akaja kumstahi yule aliyesogea. Mabrouk hapo akasahau kuwa ameapa kutoingilia, maana ameshaonja sifa. Akainuka, akaanza kuwavuta watu mikono, wallahi wewe hutoki, wallahi na wewe, na kila mmoja analalamika kwamba keshakula huku anavua viatu. Bwana Masoud akakunja tena mkono wa kanzu. Nilimwona anakula, nikamwona anaongezewa, nikamsikia anamwambia nduguye kwamba hawa watu wa Ng'ambo wana heshima sana, hawali mpaka wenye nyumba wale kwanza. Akaona ni mila yetu. Nikamwacha na imani yake.

Walikula watu ambao walikuwa na njaa tangu asubuhi kwa ajili ya kunikomoa. Masufuria yote manne yakakwanguliwa. Hata ile ndoo ya Mabrouk haikupata kitu.

Wageni walipoondoka, wakwe wakaondoka na mwanangu, hawakuondoka na neno. Nikakaa kwenye kigoda cha Mabrouk uani, miguu inawaka. Nyumba ilikuwa kimya na Ummukulthum hayumo. Ndugu zangu walikuwa wamesimama kati ya masufuria matupu, kila mmoja anajisifu.

"Wameona biriani ikiliwa, wakashindwa," akasema Mabrouk.

"Wameona mfano," akasema Junaid. "Kule hotelini pia mgeni huoneshwa mfano kwanza. Ni kitu cha kitaalamu." Kofia alikuwa keshairudisha. Kisha akanigeukia, maana roho yake si mbaya. "Dada, wewe umekula?"

Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu chai ya alfajiri.

"Nshakula," nikasema.

"Sawa," akasema Junaid.

"Sawa nini?" akasema Mabrouk. "Hujajifunza hata leo? Huyo hajala."

"Amesema kala."

"Amesema nshakula. Mbembeleze."

"Nimbembeleze ale nini? Kimebaki nini? Si ungepika kikatosha, wewe usiyepima?"

"Si ungemwekea poshen yake, wewe unayepima?"

Nikawaacha hapo hapo. Nikajitupia kanga juu ya nguo yangu ya harusi, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nnawasikia mpaka nimefika kwenye kona.

Bashira alikuwa anakoroga urojo wake kwa upawa. Akanitazama kuanzia hina ya miguuni mpaka dhahabu ya shingoni.

"Bi Nassra, mama wa biharusi. Hukula?"

"Nshakula," nikamjibu. "Nitilie bakuli moja, namchukulia mtu."

Akatia bhajia, akatia kachori, akatia yai, akatia na mishkaki ambayo sikuiagiza, akamimina urojo juu, akaongeza pilipili. Halafu hakunipa. Akaliweka bakuli kwenye benchi, akafuta mahali pa kukaa kwa kitambaa chake, akanishika mkono akanivuta.

"Basi mwambie huyo mtu akae hapa ale," akasema. "Wallahi hendi nacho nyumbani."

Nikakaa.